Mkono wa Mkunga

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na kile kikohozi kimeisha? Huku watoto wazima, wanakula kama mchwa. Mwenye matatizo ni mimi. Samahani kwa mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Tangu mwezi wa tatu, kila nikiamka vidole vya kulia vimekaza, mpaka nivikunjue kwa mkono wa pili. Kigasha chote, toka kiwiko hadi kifundo, kinauma, kiganjani nahisi kama sisimizi wanatembea. Nikanyamaza. Najua utasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kiharusi cha baba kilianzia mkononi, nawe ndiye uliyemlisha kwa kijiko.

Jumatatu nilimzalisha mama mmoja mtoto wa kiume. Nikiwa nampokea, mkono ukafa ganzi. Mtoto akateleza, Shangazi! Mkunga mwenzangu akamdaka. Hakuumia, na mama kwa uchovu hakuona kitu. Mwenzangu akaninong'oneza, "Usipokwenda kwa daktari leo, mimi nakwenda kwa mkuu wa wodi."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Daktari akauliza, "Kidole gani hakina ganzi?" Nikajikagua: kile kidogo cha mwisho. Akagongagonga kifundo cha mkono, nikahisi umeme hadi kwenye dole gumba.

"Hiki si kiharusi," akasema. Kumbe pale kifundoni kuna njia nyembamba, na mshipa wa fahamu unaopita humo umebanwa, kwa miaka yote hii ya kukunja na kuvuta. Kidole kidogo kina mshipa wake mwingine, ndiyo maana kimenusurika. Amenifunga gango, kibao cha kunyoosha kifundo kisijikunje. Nikae wiki sita bila kuzalisha, na nisipopata nafuu, nipasuliwe. Ningechelewa zaidi, dole gumba lingeweza kupoteza nguvu moja kwa moja.

Nilidhani hofu ingeishia hapo. Wapi! Imehama tu. Naogopa kisu, na naogopa kwamba hata nikipona sitajiamini tena.

Mkuu wa wodi nimemwambia mwenyewe. Na Jumatano, kabla yule mama hajaruhusiwa, nilikaa kando ya kitanda chake nikamweleza yote. Hakunitukana. Alimvuta mwanawe kifuani, akasema taratibu, "Asante kwa kuniambia, nesi. Lakini usimguse tena."

Nisalimie mjomba, na binamu fundi saa. Mungu akufunike kwa rehema zake, nami uniombee.

Ni mimi nikupendaye sana,
Chiriku wako, binti wa kaka yako