Mke Wangu Anakwenda Kuanzishiwa Dawa za Presha Yangu

Mpendwa dada mshauri, naomba msaada wako, na naomba uniwahi kabla ya Alhamisi, maana hiyo ikipita sijui nitamtazama mke wangu kwa macho yapi.

Kwanza umjue anayekuandikia. Mimi ni fundi wa majenereta, na si fundi wa kubahatisha, nimevuka mipaka sita kwa kazi hii, nimekaa meza moja na wahandisi wenye vyeti vya ukutani wakaniita profesa, ingawa shule niliiaga darasa la sita bila ugomvi wowote, na jenereta nikisimama mlangoni tu nikasikia linavyokohoa nakwambia linaumwa wapi, na kila ninalolihudumia nalifungia kadi kwa waya, mwenyewe aandike kila wiki oili, joto na saa lilizofanya kazi, na asiyeandika namgombeza mbele ya wafanyakazi wake, namwambia injini haifi ghafla bwana, ni wewe hukuisikiliza. Mtaani wananiita Fundi Dunia. Sijisifu, nakueleza tu.

Mke wangu ni dobi wa hoteli, miaka ishirini na mbili sasa tangu nimwoe, na alikuwa akifanya kazi na dada yake mkubwa, wanapiga pasi mashuka meza moja, mpaka mwaka jana dada mtu akaanguka pale pale na pasi mkononi, hakuamka, na daktari akasema ile ni presha ya miaka mingi, ingepimwa ingeonekana. Basi mke wangu alipomaliza kulia akanunua mashine ya kupimia presha, ile yenye mkanda wa kuvaa mkononi, akaanza kujipima asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari, na kila Jumamosi anabeba mashine na daftari anapeleka zahanati kwa muuguzi. Hadi hapo sikuwa na neno.

Neno lilianza nilipomwona muuguzi mwenyewe.

Dada mshauri, ni kijana, amenyoa vizuri, shati limenyooka kama alilipiga pasi yeye mke wangu, na mikono yake, wallahi, mikono ya mtu ambaye hajawahi kushika spana hata ya kuchezea. Nyumbani ikawa asubuhi muuguzi amesema, jioni muuguzi amesema, chumvi tupunguze, muuguzi amesema, tutembee nusu saa, muuguzi amesema, na Jumamosi mke wangu anavaa hereni. Nikamuuliza, "Presha inapimwa masikioni siku hizi?" Akacheka akaenda zake. Siku moja akarudi anatabasamu akaniambia, "Muuguzi anasema namba zangu zinaonyesha wiki hii nimelala vizuri." Ndani nikawaka, kwamba mwanaume mwingine anajua mke wangu kalalaje, na mimi niliyekuwa kitanda kimoja naye, shuka moja, sijui!

Nikamfuata zahanati. Nikakaa benchi la nyuma na kofia, nikaona kwa macho yangu kijana kamshika mke wangu kifundo cha mkono, anatazama saa ya ukutani, dakika nzima, dada mshauri, dakika nzima, na mke wangu katulia kama mtoto ananyolewa. Mimi nikimshika hivyo ananiuliza nimepoteza nini. Nikamweleza mwenzangu wa karakana, tunamwita Spana, akanizidishia moto, akasema, "Profesa, mwanamke akishaanza kumpelekea mtu daftari kila wiki, huyo ana mwalimu."

Sasa ndiyo nikafanya ujinga wangu. Mashine ile ina kitufe chenye picha ya mtu wa kwanza na mtu wa pili, kila mmoja na kumbukumbu yake, na siku ilipoingia nyumbani mke wangu alinionyesha, akasema, "Huyu wa pili ni wewe, baba watoto," nikamjibu mimi si ng'ombe wa chanjo, sihesabiwi, na hilo nililitangaza mpaka kwa wageni. Basi nikawaza hivi: kama yule kijana anamjua mke wangu kama anavyojifanya, nitamwekea moyo wangu ndani ya kumbukumbu ya mke wangu, nione kama atang'amua. Mke wangu anatoka alfajiri kuwahi kazi, akishatoka mimi naketi mezani, navaa mkanda, nabonyeza mtu wa kwanza. Nikimaliza nauzungusha mpira wa mashine mara mbili kama anavyouzungusha yeye, nairudisha pale pale. Asubuhi kumi na moja.

Na nikuambie ukweli wote, nilikuwa nafurahi. Yeye anapata 118, mimi napata 182 juu na 114 chini, nikasema dume limeongoza, injini kubwa lazima presha kubwa, na kuna kichoro cha moyo kilikuwa kinawaka na kuzima, nikadhani mashine nayo imenikubali.

Jumamosi ya kwanza kijana alisoma daftari tu; ya pili akafungua kumbukumbu ya mashine, na mke wangu akarudi hereni ziko kwenye pochi. Nikamuuliza kulikoni.

"Muuguzi anasema naficha."

"Unaficha nini?"

"Namba mbaya. Anasema nzuri naandika kwenye daftari, mbaya naziacha kwenye mashine. Baba watoto, mimi sikumbuki kujipima mara zote hizo. Uliigusa mashine yangu?"

"Niguse ya nini mimi?"

Lilinitoka lenyewe, dada mshauri. Na Mungu anisamehe, kwanza nilisikia utamu kwamba wamegombana. Ndipo akakunjua karatasi. Namba zangu zote zimezungushiwa wino mwekundu, na chini kijana kaandika kwamba mwenye namba hizi anaweza kuanguka wakati wowote, mapigo yake hayaendi sawa, aende kwa daktari Alhamisi aanzishiwe dawa, na aangaliwe kumbukumbu pia. Mke wangu akaniuliza polepole, "Au akili yangu ndiyo inaniacha?" Nikamwambia, "Usiwaze hayo," nikaenda kusimama chooni.

Tangu siku hiyo kila akijipima ananiita, "Njoo ushuhudie, nimejipima mara moja tu," anaweka alama kwenye kalenda na mimi nasimama pale shahidi, mtu mzima, natikisa kichwa. Na mashine sijaigusa tena. Lakini sasa najisikia mwenyewe. Kumbe kisogo huniuma kila nikiamka, na ngazi za karakana, kumi na mbili tu, nikifika juu moyo unaruka kama injini iliyonyweshwa dizeli yenye maji. Nilikuwa nayaona haya yote, nilidhani ni wivu.

Nikisema, atajua nilimdanganya usoni, na yule kijana atanicheka mpaka meno yamuote mapya, na Spana atalitangaza. Nisiposema, mke wangu atameza vidonge visivyo vyake. Nimewaza nivibadilishe nimwekee vya vitamini, au nimtumie mtu asiyejulikana ampigie simu daktari. Naomba unifundishe namna ya kumwokoa na hivyo vidonge bila yeye kujua ni mimi.

Ni mimi,
Fundi Dunia

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, weka spana chini unisikilize, maana mipaka sita umevuka na mlango wa chumba chako umekushinda.

Namna unayoomba sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Vidonge vya vitamini! Umeshaharibu kumbukumbu ya mashine, sasa unataka kuharibu na dawa? Presha ya mkeo ni 118. Ukimwanzishia mtu kama huyo dawa za kushusha presha, itashuka hata pale haikupaswa kushuka, naye anasimama kutwa mbele ya pasi ya moto. Ulitaka kumpima muuguzi, dhamana ukaweka mwili wa mkeo.

Na mtihani wako umeshapata majibu, sijui kwa nini huyasomi. Kijana alipoona moyo wako alidhani ni wa mkeo. Hakung'amua kitu. Mpenzi gani huyo? Kwake mkeo ni namba kwenye karatasi, na karatasi zilipogombana alimwita mwongo. Angekuwa anamjua angejua mwanamke huyo haongopi. Anayemjua ni wewe, miaka ishirini na mbili, na wewe ndiye uliyesimama pembeni ya kalenda ukitikisa kichwa wakati anajiuliza kama akili yake inamwacha. Presha nitakusamehe, ni ugonjwa. Kile kichwa unachotikisa, hicho hapana.

Nakuonea huruma, usidhani sikuonei. Kumwona mtu mwingine anajua mambo ya ndani ya mwenzako kunachoma, hata mimi nimewahi kuchomwa, na sikuvaa kofia wala kukaa benchi la nyuma, nilifanya vituko vikubwa zaidi ambavyo gazeti hili halina nafasi navyo. Lakini hayo mambo ya ndani mkeo alikuletea wewe kwanza. Dukani mashine za mtu mmoja zipo, tena za bei ndogo. Yeye alinunua ya watu wawili. Amezika dada, akarudi nyumbani akakutengea nafasi, ukamjibu habari za ng'ombe. Ikawa anayemsikiliza ni yule aliyeajiriwa kusikiliza. Utamlaumu nani?

Halafu hapo mwisho wa barua, kama jambo dogo, unaniambia kisogo kinauma na ngazi kumi na mbili zinakushinda. Fundi! Mteja wako angekuletea jenereta lenye kadi ya namna hiyo, siku kumi na moja mfululizo sindano iko kwenye nyekundu, ungemwambia nini? Usinijibu, wasomaji wapo, wengine wana watoto. Ile 182 kwa 114 si ushindi. Kile kichoro cha moyo kinachowaka kilikuwa kinakuonya kwamba mapigo hayaendi sawa. Wivu unaweza kukupandisha presha mara moja ukimfumania mtu. Asubuhi kumi na moja, umekaa peke yako mezani, hakuna wa kumwonea wivu isipokuwa mashine, huo si wivu tena. Huo ni ugonjwa, na umejipima mapema bila kukusudia. Dada yake mkeo hakupata bahati hiyo.

Sasa fanya hivi. Mwambie mkeo leo, kwa mdomo wako, na uanze na jambo linalomtisha: "Akili yako ni nzima, mashine niliigusa mimi." Hilo kwanza, kabla ya maelezo, kabla ya muuguzi, kabla ya vichekesho vyako. Akilia mwache alie, akikasirika usimwambie apunguze hasira kwa sababu ya presha, utaoga maji ya pasi. Mkitoka hapo mwende wote zahanati leo hii, usingoje Alhamisi, huyo kijana awapime wote wawili kwa mashine yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na umwambie mbele ya mkeo kwamba mkeo hakuficha namba yoyote. Atakucheka? Acheke. Utakuwa hai unamsikia. Alhamisi daktari amwone mwenye presha, na dawa akikupa umeze kama alivyosema, usisikie kichwa kimepoa ukaacha. Na kabla ya kufika huko, kifua kikibana, au mkono mmoja ukaishiwa nguvu, au ulimi ukawa mzito, usiniandikie mimi, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Spana mwambie arudi kwenye nati.

Bado jambo moja, na hili lina haraka. Barua yako imenifikia juzi na hukuacha namba ya simu, ungeiacha ningekupigia. Leo ni Jumatano. Jina hukutaja, lakini fundi wa majenereta mwenye mke dobi wa hoteli, mwenye mashine ya presha na muuguzi wa kupigiwa pasi, mko wangapi mjini? Madobi wanausoma ukurasa huu wakati wa chai, najua kwa barua wanazoniletea zinanukia sabuni, na chai yao ni saa nne. Akikutana na habari hii kwenye gazeti kabla ya kuisikia kwako, mimi sitakuwa na ushauri mwingine. Funga karakana, nenda mlango wa nyuma wa hoteli, omba uitiwe mkeo. Usikimbie, kwa presha ile. Tembea, lakini ondoka sasa hivi.