Saa Tuliyoigeuza Uso

Nyumbani,
Mlango wa nyuma wa duka la saa.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Leo ni Jumapili tarehe tisa, na nimeapa kukueleza kila kitu, hata sehemu inayoniaibisha. Kwa hiyo usishangae bahasha ikiwa nene. Barua hii nimekuwa nikiiandika moyoni tangu Ijumaa.

Kwanza pokea shikamoo yangu. Hujambo? Miguu bado inavimba jioni? Na huyo aliye tumboni bado anakupiga mateke ukilalia ubavu wa kushoto? Baba Mdogo je, ameacha kukukataza kupanda ngazi, au sasa anakukataza hata kuzitazama? Sisi huku ni wazima. Goti la Mama limetulia, na Baba ana kikohozi kidogo ambacho anakikana mbele ya kila mtu huku akikohoa.

Habari kubwa unaijua kwa simu, ila kwa mkono wangu hujaisoma. Dada alijifungua salama tarehe 24 Mei, mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili. Basi wewe umekuwa bibi kabla hujazaa, na mimi nimekuwa mama mdogo kabla sijamaliza kidato cha pili. Jina bado, kwa sababu shemeji yuko safarini na lori lake na Dada hataki kumpa mtoto jina peke yake. Kwa sasa tunamwita Mgeni.

Barua yako ilitufikia siku Mgeni alipotimiza wiki. Mama aliisoma kwa sauti kitandani kwa Dada. Ulipoandika kwamba umeshanunua makopo sita ya maziwa na kuyapanga kabatini, kwa kuwa wanawake wa kwetu hawana maziwa na ulijionea mwenyewe, Mama alitikisa kichwa kukubali. Dada aligeukia ukuta. Niliyaona mabega yake yakitikisika. Ndiyo sababu ninakuandikia wewe, na ninaomba unisome mpaka mwisho.

Unaikumbuka saa ile ya mbao, yenye kimlango cha kioo, ya kwanza kabisa Baba kuitengeneza? Mwenyewe hakurudi kuichukua, ikawa yetu. Dada aliporudi kutoka wodini, Baba aliitundika chumbani kwake. Alisema mtoto wa nyumba ya fundi saa halii ovyo, hulia kwa ratiba. Mama akafungua kile kimlango, akatoa kikaratasi kilichokunjwa ambacho alipewa wodini Dada alipozaliwa, miaka ishirini na miwili iliyopita. Kimekuwa cha rangi ya chai. Kinasema dakika kumi titi la kulia, dakika kumi la kushoto, kisha mtoto alazwe mpaka zipite saa tatu.

Kazi ya kushika saa nilipewa mimi. Wewe unajua nilivyo. Shuleni mimi ndiye kiranja wa kengele, na tangu nianze hakuna kipindi kilichozidi hata nusu dakika. Hata jina la Dakika nilipewa na Baba kwa ajili hiyo. Basi nilikaa kwenye kiti karibu na kitanda, macho kwenye mshale, na dakika kumi zikitimia napiga makofi mawili na kusema, “Muda!” Dada anamtoa mtoto. Mgeni alikuwa akilia akitolewa, nami nikadhani ndiyo tabia ya watoto, kama wanafunzi kengele ya hesabu inapolia. Nilipokuwa shuleni Mama alishika zamu.

Dada alikuwa akiumia sana. Chuchu zilipasuka, na kila Mgeni alipofungua kinywa yeye aliuma ncha ya khanga. Siku za mwisho Mgeni aliacha hata kulia. Tulimsifu kwamba ametulia. Mama Mdogo, hiyo ndiyo sehemu ninayoona aibu kuiandika. Nilimsifu.

Jumatatu iliyopita tulimpeleka kliniki. Mizani ilisoma kilo mbili na gramu mia nane. Muuguzi alimpima mara ya pili, akaguna. Alisema tumrudishe Ijumaa, na kama hatakuwa ameongezeka atalazwa, aanze maziwa ya kopo hapo hapo. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Kwenye ukuta wa kliniki, chini ya kalenda, palikuwa na karatasi ya mshauri wa unyonyeshaji, na namba yake ya simu. Nilimwonyesha Mama. Mama alisema kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia, “Kufundishwa kunyonyesha! Kesho tutafundishwa kupiga chafya.” Wanawake wakacheka. Dada hakucheka. Mimi niliinakili namba nyuma ya daftari la sayansi.

Nyumbani nilikwenda moja kwa moja dukani kwa Baba. Nilimweleza kwamba nina siku nne, na kwamba sitaki mtoto alazwe kabla hatujamwuliza mtu anayejua. Baba alivua kioo chake cha jichoni cha kukuzia saa, akanisogezea simu yake juu ya meza, kisha akainamia tena saa ya mteja. Nilipiga. Nilisema kila kitu kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa shuleni.

Mshauri alikuja Jumanne alasiri. Ni mama mfupi, mnene, mwenye viatu vya raba na kikapu kikubwa. Ndani ya kikapu alikuwa na mizani ndogo, mto, na titi lililofumwa kwa uzi wa sweta, lenye chuchu na kila kitu. Aliliweka mezani kama mtu anavyoweka kofia. Baba alikuwa akileta chai. Aliliona, akaweka sinia sakafuni, akatoka kinyumenyume. Dada alicheka kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, na nadhani ushauri ulianzia hapo.

Kwanza hakushauri chochote. Aliosha mikono, akamtazama Mgeni kinywani na chini ya ulimi, akasema hakuna tatizo hapo. Kisha akamwambia Dada anyonyeshe kama siku zote, yeye akakaa kimya kututazama. Nami nikakaa mahali pangu, nikitaka aone kwamba nyumba yetu ina utaratibu. Dakika kumi zilipotimia nikapiga makofi.

“Muda!”

“Ngoja, mwanangu,” alisema. “Aliyeshiba hapo ni nani, mtoto au saa?”

Mama Mdogo, masikio yangu yaliwaka moto.

Mama aliingilia kati ili kuniokoa, au labda kumwokoa mshauri na kazi ya bure. “Usijisumbue, mama. Sisi kwetu maziwa hayapo. Tumejaliwa mdomo tu.”

“Na wewe hawa wako uliwanyonyesha kwa kufuata saa?”

“Hiyo hiyo unayoiona.”

Mshauri aliomba kile kikaratasi. Alikisoma pande zote mbili, polepole, akasema aliyekiandika hakututakia mabaya. Ila mwili hutengeneza maziwa kadiri mtoto anavyoyatoa. Mtoto akitolewa mapema kila mara, mwili unadhani yanayotoka yanatosha, unapunguza. Na Mgeni alikuwa akishika ncha ya chuchu tu, kwa hiyo katika dakika zake kumi alikuwa akichoka zaidi ya alivyokuwa akinywa.

Nyuma ya kikaratasi kuna vijistari vya penseli, vitano vitano, vimepangwa vizuri sana. Mshauri aliuliza ni vya nani. Mama alivipitishia kidole. Akasema ni vyako. Akasema Dada alipozaliwa ulikuwa umekuja kukaa kwetu ili usome, ukiwa na umri kama wangu, na aliyeshika saa ulikuwa wewe.

Nilikuwa sijui. Wewe hukuniambia kamwe.

Kisha Mama aliinuka, akapanda kiti kwa goti lake lile lile bovu, akaishika saa kwa mikono miwili na kuigeuza uso ukutani. Bado inatembea, tunaisikia, lakini haimwoni mtu.

Baada ya hapo ndipo kazi ilipoanza. Mshauri alimweka Mgeni tumbo kwa tumbo na Dada, pua ikielekea chuchu, akatufundisha kungoja mpaka kinywa kifunguke sana kama anayepiga miayo, kisha mtoto ndiye aletwe kwenye titi, si titi lipelekwe kwa mtoto, kidevu kikitangulia. Alitumia lile la uzi kutuonyesha jinsi titi linavyopaswa kujaa kinywani. Mara ya kwanza haikufaa. Ya pili haikufaa. Ya tano Dada alivuta pumzi akingoja maumivu, na maumivu hayakuja kama alivyoyazoea. Alitutazama kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Mimi nilipewa kazi mpya. Mshauri aliniambia nifumbe macho nisikilize. Mwanzoni sikusikia kitu. Kisha nikasikia sauti ndogo, ‘kah’, kama mtu anayepumulia kioo ili akifute. Ndiyo sauti ya kumeza. Siku zote zile nilikuwa karibu kiasi hicho na sikuwahi kuisikia, kwa sababu nilikuwa nikisikiliza mshale. Sasa kwenye daftari langu siandiki dakika. Ninaandika nepi zilizolowa, na mshauri anataka zisipungue sita kwa siku.

Usidhani yalinyooka hapo hapo. Jumatano Mgeni alitaka kunyonya kila mara, na kila baada ya kunyonya Dada alitakiwa akamue kidogo, tumnyweshe kwa kikombe kidogo ili apate nguvu. Mchana nilimkuta analia, akisema mwili wake ni duka tupu na anaomba kopo. Nilitegemea Mama aseme, “Si nilisema?” Mama alisema, “Mpigie yule mama.” Nilipiga, akarudi jioni ile ile. Alimwambia Dada kwamba kopo si adui wa mtu, lipo kwa ajili ya anayelihitaji, na kama Ijumaa itasema linahitajika yeye mwenyewe atatuonyesha jinsi ya kulitumia. Ila kabla ya hapo tumpe mtoto nafasi aliyonyimwa. Dada akafuta uso, akamchukua Mgeni.

Ijumaa niliomba ruhusa shuleni. Mwalimu wa zamu aliuliza kengele nitamwachia nani, nikamjibu kwamba leo ikichelewa ichelewe. Kliniki Mama alimvua Mgeni nguo zote, hata soksi, kwa kuwa hakutaka soksi ituongopee. Mizani iliyumba, ikatulia. Kilo mbili, gramu mia tisa na thelathini.

Muuguzi alisema hajafika alipozaliwa, lakini amegeuka njia. Halazwi. Turudi Ijumaa ijayo. Dada alikaa kwenye benchi lile lile walipocheka wale wanawake, akafungua vifungo, akamnyonyesha mbele ya watu wote, na mimi kutoka nilipokuwa nimesimama nilisikia, kah, kah, kah.

Vidonda bado havijapona vyote, na Dada bado ana siku za kununa. Sikuandikii kwamba mambo yamekwisha. Nakuandikia kwamba yanawezekana.

Jana Mama aliichukua tena barua yako, akaisoma kimya. Akanirudishia na kusema, “Mwandikie wewe, mimi mkono mzito. Mwambie hakuwa na kosa. Alikuwa mtoto, na aliyemtuma ni mimi.” Kisha akaenda kuanika nepi, na alikaa huko muda mrefu kuliko nepi zilivyokuwa nyingi.

Kwa hiyo nimekuambia. Nami najiambia hivyo hivyo, maana tumeshika kazi moja, wewe na mimi. Ulichojionea kwa macho yako kilikuwa kweli, Dada alipokuwa mchanga alilia na maziwa ya Mama yakakauka. Ila sababu haikuwa damu yetu. Sababu ilikuwa inaning’inia ukutani.

Ndani ya bahasha nimeweka mchoro wa jinsi ya kumshika mtoto. Kichwa kimetoka kikubwa kama boga, lakini kidevu kiko mahali pake, mshauri amekikagua.

Dada anakusalimu, na Baba, na shemeji kutoka barabarani. Mama anasema unywe uji wako na usibebe ndoo. Nisalimie Baba Mdogo na mama mkwe wako, na yule jirani yako mshonaji anayenipenda bila kunijua. Mungu akufungue kwa wepesi, akuweke hai wewe na kiumbe chako, na mikono itakayokupokea iwe ya upole.

Mshauri anasema wenzake wako hata huko uliko, na kwamba mwanamke humtafuta wake kabla siku haijafika, si baada ya mizani kuguna. Umebakiza wiki saba, nimehesabu. Makopo yako yaache kabatini, hayaozi. Lakini nijibu kwa posta inayofuata, kwa ndiyo au kwa hapana, nimwambie Mama: wiki hii, Mama Mdogo, utamtafuta wako?

Mwanao anayekupenda na anayengoja,
Dakika.