Singa za Mkia wa Gaju

Jumatatu, 8 Septemba

Mvua: hakuna. Mawingu mazito tangu saa nne.

Nimekamua asubuhi. Vikombe kumi. Mke wangu Levina amekunywa viwili, vimekaa. Hii ni wiki ya tatu tangu apasuliwe tumbo na bado kila anachokula kinamrudi. Uji unarudi. Ndizi zilizopondwa zinarudi. Maziwa ya ng'ombe wetu Gaju tu ndiyo yanakubali. Ya nyumba nyingine hataki hata kuyaona. Huku ziwani, anasema, hakuna jiko lisilopika samaki, na kwao wafugaji maziwa na samaki havikutani: mdomoni, mkononi wala chunguni. Vikikutana ng'ombe anaharibika.

Nilimwoa nikijua. Miaka thelathini na moja navua na samaki hajavuka kizingiti changu. Wote wanaishia kwa jirani yangu Pastori. Nikiwa na hamu nakula hukohuko, nanawa kwa majivu, narudi nyumbani msafi kama padri.

Jioni nimepanga vyambo mezani. Kazi ya kusoma kipimo cha mvua kila asubuhi ya Mungu mpaka kustaafu imeniachia ugonjwa wa kupanga vitu na kuviandika. Mvua za kwanza za muhanga, yaani vuli, zikianza, maji yanapoa na kuwa ya tope. Kambare wanasogea kwenye mafunjo, lakini wavivu. Minyoo inaliwa na vidagaa kabla haijafika chini. Kinachofaa ni ndoana yenye kichwa cha risasi na kishungi cha manyoya, uirushe chini, uirukishe polepole. Kila mwaka swali ni lilelile. Kishungi cha nini?

Nimefunga viwili. Manyoya ya jogoo mwekundu. Nywele za mbuzi mweusi.

Jumatano, 10 Septemba

Mvua: milimita nne, alfajiri. Hatimaye!

Ziwani saa moja asubuhi. Jogoo: hakuna. Nikabadilisha kichwa cha risasi, nikaweka kizito zaidi. Hakuna. Mbuzi mweusi: mguso mmoja, huenda ni jani. Manyoya ya jogoo yakilowa yanasinyaa. Nywele za mbuzi ni ngumu, hazichezi majini. Nahitaji kitu laini, kirefu, cheupe kidogo ili kionekane kwenye tope.

Pastori kapita na baiskeli, kaniuliza kama nimekuja kuvua au kuogesha ndoana. Mjinga yule. Nimecheka lakini imeniuma.

Maziwa vikombe kumi.

Alhamisi, 11 Septemba

Mvua: milimita sita.

Nilikuwa nakamua, mkia wa Gaju ukanipiga usoni. Ng'ombe mwekundu mzima, lakini ncha ya mkia nyeupe. Singa ndefu, laini. Nikazishika. Kisu kilikuwa mfukoni.

Sikumwambia Levina. Sababu naijua.

Nimefunga singa ishirini hivi kwa uzi mwekundu, kichwa kidogo cha risasi. Mtupo wa kwanza, chini ya mafunjo. Kabla sijairukisha, mshipi ukakaza. Kambare urefu wa mkono wangu. Kilichonishangaza ni kwamba hakupigana hata kidogo. Alikuja ukingoni taratibu, kama ng'ombe anayerudi zizini jioni. Wa pili vilevile.

Nimefurahi kama mtoto. Wote nimempelekea Pastori na sikumwambia chambo. Akome.

Ijumaa, 12 Septemba

Mvua: milimita mbili.

Vikombe sita tu. Labda majani mapya yamemharisha, lakini kinyesi chake kizuri. Levina kauliza mbona kyanzi, chombo chetu cha maziwa cha mti, kimekuwa chepesi. Nimesema ndama alivunja kamba usiku akanyonya. Ndama hakuvunja kamba.

Kambare watatu leo. Singa hazijapungua hata moja. Samaki hawazikwaruzi.

Jumamosi, 13 Septemba

Mvua: hakuna.

Vikombe vitano.

Mama Koku, mke wa Pastori, kaja mpaka kwenye ua. Haingii akitoka kuparua samaki, anamheshimu Levina.

"Shikamoo Baba Alinda. Samaki zako unawalisha nini?"

"Marahaba. Nani kawalisha? Wamejilisha wenyewe."

"Nimewapasua, tumboni mna kitu cheupe."

"Mafuta hayo."

"Mafuta yanamwagika chini kama maji, Baba Alinda?"

Akanitazama, akaenda. Anasema jana walimtupia mbwa samaki hao na mbwa hakula. Mbwa wa Pastori anakula mpaka sabuni.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani. Sikuvua. Jioni vikombe vinane. Levina kanywa vitatu, kacheka redio iliposema kitu. Tangu hospitali sijamsikia akicheka.

Jumatatu, 15 Septemba

Mvua: milimita tisa.

Nimevua mmoja, nikampasua mwenyewe juu ya jiwe. Tumbo likafunguka. Maziwa. Meupe, yenye povu, kikombe kizima na zaidi. Nimeingiza kidole. Ya moto. Maji ya ziwa yalikuwa baridi mpaka vidole vinauma, samaki mwenyewe wa baridi, lakini maziwa yale ya moto kama ninayoyaona kila asubuhi kwenye kyanzi.

Nimenawa. Nimenawa tena. Jiwe nimelimwagia maji mpaka weupe wote ukaisha.

Nyumbani vikombe vinne.

Alhamisi, 18 Septemba

Mvua: milimita tatu juzi, jana na leo hakuna.

Nimefanya jaribio. Mtu asiseme mimi ni mtu wa kuamini upepo.

Jumanne, jogoo: samaki hakuna. Maziwa vikombe kumi. Jumatano, mbuzi: samaki hakuna. Vikombe kumi. Leo, singa: kambare watatu, dakika ishirini. Nimerudi mbio nikamkamua Gaju. Vikombe viwili, na cha pili kimejaa kwa shida.

Levina kanywa kimoja. Cha pili kaniambia nimuachie ndama. Mifupa ya mabega yake inaonekana kwenye kanga.

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Nimepima kwa tumbo la mke wangu. Nilikuwa najua tangu Jumatatu, na bado nikaenda tena leo ili niwe na uhakika. Nijiite nani?

Kesho nakichoma kile chambo.

Ijumaa, 19 Septemba

Mvua: milimita kumi na mbili.

Mpumbavu. Mpumbavu mkubwa.

Nilikwenda nacho ziwani, kiberiti mfukoni, nikichome palepale nilipokitumia. Nikasema mara ya mwisho tu. Nani aliniambia? Hakuna. Ni mimi na tamaa yangu.

Kilipogusa maji kilichukuliwa. Huyu hakuja taratibu. Mshipi ulikimbia ukanikata kidole. Nilimwona mara moja, mgongo mweusi mpana kama mlango wa zizi, halafu mshipi ukalegea. Umekatika. Kaenda nacho mdomoni.

Nimekaa pale mpaka jua likawa kali. Sijui nilikuwa nangoja nini.

Jumamosi, 20 Septemba

Maziwa: hakuna. Hata tone.

Gaju amesimama kwenye kona ya zizi, uso kwa ziwa. Halali. Hacheui. Na mkia. Mkia umenyooka kuelekea ziwani, umekaza, kama kuna mtu ameushika upande wa pili. Upepo hakuna. Nimeushika kuushusha. Unavutwa. Niliuachia haraka.

Ndama ananyonya, anaacha, anautazama ule mkia.

Nimempigia simu mtaalamu wa mifugo, kaja na bodaboda kutoka Kaisho. Kapima joto, kabonyeza kiwele, kamwangalia macho. Anasema ng'ombe mzima. Halafu akanigeukia kwa hasira kidogo.

"Mzee wangu, umeniita bure. Huyu ametoka kukamuliwa sasa hivi. Chuchu bado ziko wazi."

Mkia aliutazama, akafunga mkoba, akasema ana mgonjwa mwingine Nkwenda. Hakunywa hata maji.

Jumapili, 21 Septemba

Sikwenda kanisani.

Nilitafuta maziwa Kaisho yote, nikapata kikombe kimoja. Nimemdanganya Levina kuwa ni ya Gaju. Kanywa funda moja, kalitapika, na damu kidogo. Katazama kikombe, kanitazama mimi.

"Haya ya nani?"

Nikapiga magoti kwenye mkeka nikamwambia yote. Singa, kisu, kambare, maziwa tumboni, jaribio, samaki aliyekimbia na chambo. Jaribio ndilo lililonishinda. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitaka alie au anitukane. Hakufanya hata kimoja.

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," akasema. "Lakini mimi nimejidunga lini, Baba Alinda?"

Nimelia mimi.

Baadaye, sauti ndogo sana, kasema: "Ulimfunga wewe, kamfungue wewe. Na huyo samaki usimuue. Ukimuua na singa zikiwa mdomoni mwake, mimi na Gaju utatuzika siku moja."

Kageukia ukutani. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi hata siku ile ya upasuaji.

Jumatatu, 22 Septemba

Mvua: sikupima.

Alfajiri Levina alishindwa kuinua kichwa. Nilimlowesha midomo kwa maji, nikatoka.

Chambo gani? Jogoo hamtaki. Mbuzi hamtaki. Kukata singa nyingine, hilo sikuthubutu hata kuliwaza mara mbili. Nimekaa kwenye jiwe na kichwa cha risasi mkononi, mtu mzima, sina la kufanya. Halafu nikajishika kisogo. Juu kipara, lakini nyuma mvi bado zipo, ndefu, kinyozi sijamwona tangu Levina augue. Laini. Nyeupe. Nikakata kwa kisu kilekile.

Nilifunga kwa uzi uleule mwekundu. Fundo nimelirudia mara nne.

Mtupo mmoja.

Alikichukua polepole na nikamsikia. Namaanisha nilimsikia mwilini. Kitu kilinivuta kutoka kisogoni kwenda chini, kama mtu anayekuita kwa kukushika shati kwa nyuma. Nikavuta. Akaja. Nikaingia majini mpaka kiunoni, nikamkumbatia kwa mikono miwili. Mzito kama ndama. Jicho dogo, halipepesi, linanitazama.

Singa zilikuwa kwenye pembe ya mdomo, safi, nyeupe. Nikazitoa kwa koleo. Hazikuwa na damu. Huko juu kijijini nikasikia ng'ombe akilia mara moja, kwa nguvu, na sauti ya Gaju naijua.

Ndoana ya leo alikuwa ameimeza mbali. Koleo halifiki. Panga lilikuwa kwenye jiwe, hatua tatu. Ningeweza kumaliza. Lakini kooni mwake mlikuwa na nywele zangu, na maneno ya Levina nilikuwa nayo kichwani. Nikakata mshipi, nikamwachia. Alikaa kidogo karibu na magoti yangu. Halafu akaenda.

Singa nimezichoma. Majivu nimeyapeleka zizini. Mkia wa Gaju unafukuza nzi.

Jumanne, 23 Septemba

Mvua: milimita tano.

Vikombe tisa asubuhi. Levina kanywa kimoja kwa kijiko. Kimekaa. Mchana kimoja tena. Kimekaa.

Nimemshukuru Mungu kwa sauti, majirani wanisikie wakitaka.

Nimekula ndizi na maharage, sahani mbili. Kazi ya jana ilikuwa kubwa.

Alhamisi, 25 Septemba

Mvua: milimita saba.

Vikombe kumi na moja. Levina kakaa nje kwenye jua, kamsuta Mama Koku kuhusu kuku wake waliochakura maharage yetu. Sauti imerudi. Mama Koku naye amefurahi kusutwa.

Mimi nimekula asubuhi viazi, mchana ndizi, saa kumi mahindi ya kuchoma. Njaa iko palepale. Ninameza, ninasikia chakula kikishuka, halafu hakuna. Suruali nimeifunga kwa kamba.

Mama Koku anasema Pastori jana alinasa kambare kwa minyoo, akamkuta tumboni ana maharage yaliyopikwa. Anacheka. Nimecheka naye.

Jumapili, 28 Septemba

Mvua: hakuna. Jua zuri.

Tumekwenda kanisani wote wawili kwa miguu. Levina alitangulia mlimani, mimi nilipumzika mara tatu. Watu walimpa pole, wakanitazama mimi.

Tuliporudi akaniambia nigeuke. Akanishika kisogo, pale nilipokata, akapapasa kwa vidole muda mrefu. Hakuuliza. Akaenda ndani, akaleta kyanzi, akamimina kikombe kimoja mpaka kikafurika, akaniwekea mbele. Maziwa ya Gaju, kwa mkono wake, mbele yangu mimi mvuvi wa samaki, ambaye kwa miaka yote hiyo nilikamua na sikuonja.

"Kunywa, Baba Alinda."

Yalikuwa na povu bado. Harufu yake ilinijaza mdomo mate. Naijua njia ambayo yangepita, na najua yangefika wapi. Na Levina hajapona vizuri, anayahitaji yote.

Nimemsogezea kikombe. Nimemwambia nimeshiba.