Radhi Haitumwi kwa Meli

Kikwajuni, Unguja
Ijumaa, 7 Novemba 2025

Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila mama hajambo ya uongo, na ndiyo maana nakuandikia. Simu nimekupigia mara sita, kila mara unanijibu "sisikii, sisikii", unakata. Barua hii nampa Muhiddin wa melini akufikishie mpaka mlangoni Wete.

Jana kwenye harusi ya mtoto wa Bi Nadra, mama kaanguka mbele ya masufuria ya biriani huku kashika tumbo. Watu wakasema gesi. Huyu kaleta tangawizi, yule ndimu, kila mtu daktari! Mpaka homa ikampanda, akaanza kuzungumza na marehemu bibi, ndipo mume wangu Talib akampakia garini tukaenda hospitali. Dokta kasema mfuko wa nyongo umejaa mawe na umetunga usaha. Wanampiga sindano kwanza, Jumanne asubuhi wampasue. Ukiachwa utapasuka wenyewe humo ndani, na hapo tena, kasema, tusimuulize yeye.

Baba, njoo. Meli ipo Jumapili. Sikuombi kitu kingine.

Mwanao, Biasha


Wete, Pemba
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mwanangu Biasha,

Wa alaykumu ssalaam. Marahaba. Barua nimeipata, nimeisoma mara mbili kwa miwani ya jirani. Allah amshushie shifaa mama yako.

Kuja ningekuja, lakini mguu huu waujua mwenyewe. Tena karafuu zi juani na mvua haina miadi. Na watoto wa chuo changu cha Kurani nimwachie nani? Kificho? Kificho huyu mchumaji wangu wa karafuu, mwenyewe alif bado haijamkaa.

Muhiddin atakupa mkungu wa ndizi, kanga mbili, na mto wake mama yako, maana mito ya watu humuumiza shingo. Ipo na sahani ya kombe, nimeiandika kwa zafarani kwa mkono wangu, Ayatul Kursiy na aya za shifaa. Aioshe kwa maji ya waridi, anywe asubuhi kabla hakijaingia kitu kingine kinywani. Usisahau.

Baba yako


Unguja, uwanja wa hospitali
Jumanne, 11 Novemba 2025

Baba,

Shikamoo. Natumai u mzima. Nisamehe mwandiko, naandika nimesimama, tena kwa hasira.

Jana nesi Banu alimwambia mama mbele yangu, tena kwa kidole: toka saa nne usiku hakuna kula, hakuna kunywa. Leo alfajiri nimekwenda kusali, narudi, mama kashaiosha ile sahani yako, kanywa kikombe kizima! Dokta kaja na watu wake kumchukua, anamwona midomo manjano. "Bibi, umekunywa nini?" "Sikunywa kitu." "Na hii sahani?" "Hilo kombe." Yaani kwake kombe si kinywaji! Tena akaongeza: "Mume wangu kasema ninywe kabla ya kitu kingine, na hiyo dawa yenu ya usingizi si ndiyo kitu kingine?"

Basi kachukuliwa mgonjwa mwengine. Nafasi iliyopo ni Jumatatu ya tarehe 17. Siku sita, Baba, na usaha ule tumboni!

Bado. Sasa mama kaamua kuwa kuahirishwa kule ni ishara. Hapasuliwi mpaka apate radhi yako, asije akafa kwenye kisu huku una neno naye moyoni. Karatasi ya kutia saini kaigeuza chini juu, kaweka juu yake mkungu wa ndizi.

Nimechoka. Njoo.

Biasha wako


Wete
Jumatano, 12 Novemba 2025

Mwanangu Biasha,

Marahaba. Nimesikitika, lakini hukuniambia kuwa hatakiwi kunywa. Kombe nimeandika miaka arubaini, halijapata kumdhuru mtu.

Radhi hiyo, nimeiandika karatasi ya peke yake, Kiarabu na Kiswahili, na mashahidi wawili: Sheikh Mudrik na Kificho. Msomee. Akitaka muhuri wa sheha nitautia.

Mguu umezidi kwa baridi ya mvua. Nampa Muhiddin na ng'onda, samaki wakavu, najua Talib anazipenda.

Baba yako


Kikwajuni
Alhamisi, 13 Novemba 2025

Baba,

Shikamoo. Hali yako sikuulizi, na kwa nitakayoyasema naanza mimi kukuomba radhi.

Karatasi yako nimemsomea, wodi nzima ikisikiliza. Nilipofika kwenye jina la Kificho mama kacheka mpaka akalishika tumbo, halafu akalia. Kasema, "Radhi haitumwi kwa meli kama ng'onda. Aje aniambie." Kageukia ukutani. Homa imerudi. Dokta kasema asipotia saini hatomlazimisha, Jumatatu itapita naye yuko kitandani.

Mguu, mguu! Kificho kanambia mwezi uliopita mguu huo ulipanda mkarafuu. Harusi yangu hukuja, mguu. Arubaini ya kuzaliwa mjukuu wako, mguu. Kila mara mama anashuka gatini peke yake na kapu lake, anawaambia watu "mzee mguu wake", na sisi kama wajinga tunaitikia, masikini. Kama humtaki mama yangu, sema tujue. Lakini usiniletee tena kitu cha kula, Wallahi nitakirudisha.

Biasha


Melini
Jumamosi, 15 Novemba 2025

Mwanangu Biasha,

Marahaba, mama. Meli imeshang'oa nanga. Mkono wa kushoto nimekamata benchi, kwa hiyo herufi zikipinda usinicheke. Nshatapika mara mbili.

Mguu wangu mzima. Haujapata kuniuma hata siku moja.

Unajua ami yako Ame, ndugu yangu, alizama na ile meli ya mwaka 2011. Usichokijua ni kuwa yeye alitaka kungoja safari ya pili. Mimi nilimpigia simu nikamwambia acha uvivu, panda hiyo hiyo. Hata mwili hatukuupata. Toka hapo nikifika gatini siwezi kupanda. Tiketi ngapi nimekata nikarudi nazo nyumbani! Hata Jumapili ile nilikata. Mpemba anaiogopa bahari, utamwambia nani?

Mama yako ndiye pekee aliyejua. Hadithi ya mguu kaitunga yeye. Miaka kumi na nne ananisemea uongo kwa watu nisiaibike, anasafiri peke yake, mwisho kaanguka peke yake mbele ya masufuria ya watu, na mimi nampelekea ndizi. Naona haya, mwanangu. Umenisema, na haki yako.

Barua hii nitakupa mkononi mlangoni mwa wodi, kabla sijaingia. Najua nafsi yangu: nikimwona alivyo nitaanza habari za karafuu. Ukiona hivyo nikatize, umsomee wewe. Mwambie atie saini. Radhi yangu anayo toka siku aliyoingia nyumbani kwangu. Mimi nimevuka kuja kuomba yake.

Baba yako