VIVASTELLA ILIYOKATWA MGONGO: KIKAO CHA DHARURA, CHAMA CHA MAGARI YA ZAMANI, PLOUGAVEL

Tarehe: 22 Mei 1998
Mahali: Chumba cha nyuma, baa ya Bi Soazig

Waliohudhuria: Bw. Gaëtan Kerdreux (Mwenyekiti), Bw. Firmin Le Goas (Mhazini), Bw. Hervé Scordia, Bi Odile Tanguy, Bi Marcelline Quéré (Katibu)
Asiyehudhuria: Bw. Armel Jégou (alikuwa kaunta, hakuingia)
Asiyealikwa lakini alikuja: Bi Léontine Tanguy, mama yake Odile

KUMB. NA. 1/98: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa hotuba. Wajumbe waliivumilia.

KUMB. NA. 2/98: OMBI LA BI ODILE
Bi Odile aliomba Renault Vivastella ya familia yao, ya mwaka 1934, iingie kwenye maandamano ya Pentekoste. Mwenyekiti alieleza kwamba kanuni inataka bodi iwe kama ilivyotoka kiwandani, na gari hilo lilikatwa nyuma kwa msumeno likawekewa mbao. Alisema sasa ni mkokoteni wenye pua ya kifalme.

Bi Odile alijibu kwamba wakati wa Vita vya Pili petroli ilitolewa kwa magari ya mizigo pekee, ndiyo maana babu yake alilikata, kama wakulima wengine wengi. Aliongeza: “Hata hayo meno yako, Gaëtan, si ya kiwandani.” Mhazini alicheka, kisha akaomba radhi.

Bi Léontine, mwenye miaka 84, aliomba kusema. Mwenyekiti alikataa. Akasema.

“Daktari ameshaniambia habari za moyo wangu. Pentekoste ya mwakani nitakuwa nimelala makaburini, kule kwa padri. Mwaka huu nataka kupita mbele ya kanisa nikiwa nimekaa, tena ndani ya gari nililoliendesha mwenyewe.”

Katibu alihuzunika na haoni sababu ya kuficha.

KUMB. NA. 3/98: KURA
Bw. Le Goas na Bw. Scordia walikataa. Bi Odile na Katibu walikubali. Ikabaki kura ya Mwenyekiti, ambaye alisema chama hakiwezi kuandamana na gari lililokuwa likibeba nguruwe.

Bi Léontine: “Mwanangu, unadhani ulizaliwa wapi?”

Mwenyekiti alieleza kwamba alizaliwa kliniki.

Bi Léontine: “Kliniki ulifika umeshazaliwa. Nilikuwa napeleka nguruwe sokoni, mama yako akanisimamisha njiani, uchungu umembana. Ulitokea humo nyuma, juu ya majani, nguruwe watatu wakikutazama. Wewe ndiye uliyepiga kelele. Wenzako walitulia.”

Mwenyekiti alikunywa maji. Aliuliza kama mama yake alilia. Bi Léontine alisema mama huyo alicheka njia nzima, amemkumbatia mtoto hivi, na akaonyesha.

Mwenyekiti alipiga kura ya ndiyo. Kisha aliagiza kipengele hiki kifutwe. Wajumbe walikataa kwa kauli moja, jambo ambalo halijapata kutokea katika chama hiki.

KUMB. NA. 4/98: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 3:10 usiku.

G. Kerdreux, Mwenyekiti (ametia saini baada ya kubembelezwa)
M. Quéré, Katibu