Nusu ya Pili ya Zaburi

Shangazi,

Nakuandikia kwa sababu naogopa kusema nawe kwa sauti humu chumbani. Nikisema, nasikia mtu. Ndiyo maana leo nimeacha mlango wazi, pazia nimelifunga fundo juu, na redio ya Bi Mwanaisha inanguruma uani. Mtu akiniita nataka nijue kwanza amesimama wapi.

Ulinifunza kwamba asiyeamkia hana haki ya kueleza shida yake. Basi shikamoo, Shangazi. Hapo nakuomba usinijibu.

Tangu tulipokurudisha kwetu upande wa Masasi na kukulaza karibu na misheni, mambo ya huku yamegeuka. Ghorofa la jirani limepanda mpaka limemeza dirisha letu, na sasa nawasha taa mchana. Pale ulipouzia korosho, Mtaa wa Msimbazi, kuna dada anauza makava ya simu, na wateja wako bado wanakuja kumsumbua. Mmoja alipoambiwa umefariki aliguna, akasema, "Sasa korosho nzuri nitapata wapi?" Nilitaka kumtukana. Halafu nikacheka, kwa sababu wewe ungecheka, kisha nikaenda kulia nyuma ya majora ya vitambaa. Mimi bado nashona sare za shule pale barazani. Nashona vibaya. Juzi mama mmoja alinirudishia shati la mwanawe, akanipigia kelele mbele za watu, "Fundi, mikono yote miwili ya kushoto! Una nini lakini?"

Nina nini. Ngoja nikuambie nilicho nacho.

Unakumbuka adhana ya adhuhuri ndiyo iliyokuwa kengele yetu. Ikianza, Bi Mwanaisha anakwenda bombani kutia udhu, wewe unarudi na ungo mtupu, unanawa ile mikono iliyokwisha kuwa myeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho, unaketi kitandani kwako na mimi kwangu, magoti kwa magoti. "Haya Skolastika, upande wako." Ulikuwa umejifunza kwa masista wa misheni uliowafulia ulipokuwa msichana. Wao walikaa safu mbili kanisani, hawa wakasema nusu ya aya, wale wakamalizia, mpaka Zaburi ikaisha. Ila majina masista hawakutia. Hilo lilikuwa lako. Palipoandikwa "mimi" au "wewe," sisi tulitia jina. Bwana ni mchungaji wa Anastazia, nasema mimi. Skolastika hatapungukiwa na kitu, unasema wewe. Na sheria ilikuwa kwamba mtu hajitaji. Jina lako analitia mwenzako. "Anayejitaja mwenyewe mbele ya Mungu," ulisema, "hana tofauti na bibi harusi anayejipigia vigelegele."

Nilipokuja kwako nikiwa darasa la tatu, niliona aibu kweli. Kumwita shangazi yangu jina lake, mtoto mzima mwenye adabu! Ndani ya Zaburi tu ndipo nilipokuwa na ruhusa hiyo. Nikishafunga kitabu, unakuwa Shangazi tena, na ole wangu.

Kila jambo ulilipatia aya yake. Ya safari, ya homa, ya mteja mkorofi. Siku ile maji yalipoifunga barabara ya Jangwani nami nimekwama upande wa Magomeni, ulinipigia simu, na hukuuliza niko wapi wala nimekula nini. Ulisema tu, "Maji makuu yafurikapo hayatamfikia Skolastika. Haya, upande wako." Nikamalizia papo hapo, nimesimama kwenye tope, viatu mkononi: Bwana atamhifadhi Anastazia na mateso. Baba mmoja pembeni yangu, suruali ameikunja mpaka magotini, akasema, "Dada, usikate simu, na sisi tutie humo." Ulisikia ukacheka, ukamtia. Hukumjua hata jina, ukasema "na huyo aliye karibu naye."

Niliporudi kutoka msibani, kwa muda mrefu sikufungua kitabu. Nilikaa hapa mchana nikala wali wangu kimya, nikarudi kazini. Siku nilipojaribu, adhana ilikuwa imekwisha na nyumba nzima iko tupu, watu wote wako sokoni. Nikaanza ile ya milima, uliyopenda kunisomea nikitoka. Bwana atamlinda... nikanyamaza. Mdomo ulisimama wenyewe penye jina. Ni mazoea, Shangazi, nilikuwa nakuachia nafasi yako.

Jina likaja.

Skolastika. Taratibu, bila haraka, kama ulivyolisema wewe, limetoka juu, pale ukuta usipofika dari.

Unazijua nyumba zetu hizi. Ukuta unaishia njiani, juu kote ni dari moja, mtu akipiga chafya chumba cha mbele anapewa pole na wa chumba cha nyuma. Nikajiambia ni jirani. Nikatoka kwenda kutazama chumba cha yule muuza viatu. Kufuli lake lilikuwa linaning'inia nje. Nikarudi, nikapanda kwenye stuli, nikachungulia juu ya ukuta. Kulikuwa na mafurushi ya viatu, kitanda kimetandikwa, na vumbi kwenye mwanga, limetulia bila kutikisika. Hakuna aliyepita pale tangu asubuhi. Na hata angekuwepo, yeye ananijua kwa jina la Fundi. Kariakoo yote mimi ni Fundi, au Skola nikibahatika. Jina langu zima la ubatizo ulikuwa nalo wewe.

Likaja kesho yake pia. Nikabadilisha Zaburi, likanifuata. Nikajaribu zile ndefu, zile ambazo hatukuwahi kuzisoma pamoja, nikasimama ghafla mahali ambapo mtu asingetegemea. Halikukosea hata mara moja. Halikuwahi, halikuchelewa, lilikuja pale tu nilipoacha nafasi, na halikuongeza neno. Na kila mara nilirudi. Sitakudanganya, niliogopa, lakini hamu ilikuwa kubwa kuliko hofu. Nikaanza kufunga cherehani kabla ya adhana. Nikaacha kwenda kusali jumuiya. Nikawa siongei na mtu asubuhi, ili masikio yawe safi. Nilikuwa naishi kwa ajili ya neno moja, saa sita na nusu za mchana, na siku nzima iliyobaki ilikuwa ya kungojea tu.

Bi Mwanaisha akaniita barazani. Unamjua mama mwenye nyumba wetu, hazunguki.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Skola, mchana unaongea na nani humo ndani?"

Nikamwambia yote. Hakushtuka. Aliendelea kupepeta mchele wake.

"Ukiitwa na usiyemwona, usiitike, mwanangu. Jua la utosi lina watu wake. Umeitika?"

"Sijaitika."

"Basi bado uko," akasema, akaendelea kuchagua mawe. Jioni alileta chetezo akachoma udi chumba kizima, mpaka viatu vya jirani vikanukia kama vya bwana harusi. Kesho yake jina likaja vilevile, ndani ya harufu ya udi.

Ndipo nikaenda kwa Mama Deo, mwenyekiti wetu wa jumuiya. Nilijua naye ataniambia nisiitike, kwa hiyo nilikwenda na jibu langu mkononi. Nikamuuliza, na Samweli je? Si aliitwa na asiyemwona, akaambiwa aitike? Mama Deo alikuwa anamenya viazi. "Samweli aliambiwa amwitikie Mungu," akasema. "Hakuambiwa amwitikie shangazi yake." Kisha akaweka kisu chini. "Hebu nikuulize. Umemwombea lini?"

"Naomba kila siku, Mama Deo."

"Sijauliza kama unaomba. Nauliza umemwombea yeye, marehemu, kwa jina lake?"

Nilichukua kisu nikamsaidia viazi.

Kwa sababu sijawahi, Shangazi. Kaburini walipoanza Raha ya milele nilichezesha midomo. Arobaini ilipofika nilikuwa jikoni, nimeshika mwiko, nikajifanya pilau inaungua. Sala ile ina nafasi ya jina, na anayetiwa hapo ni mtu aliyekufa. Nilikataa kukutia. Niliona kama nikikutia mimi, kwa mdomo huu uliokuwa unakutaja kwenye uchungaji na maji na milima, basi imekwisha, umekufa kweli.

Mchana uliofuata nilisikiliza kwa makini kuliko siku zote. Jina langu likaja. Na baada yake nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikiliza, kwa sababu kila siku nilikuwa nalichukua jina langu na kufunga kitabu. Kulikuwa na kimya. Nikakitambua. Nimekaa nacho miaka, magoti kwa magoti. Ni kile kimya chako cha kungojea upande wangu.

Ulikuwa umemaliza nusu yako, Shangazi. Kila siku ulimaliza nusu yako, ukakaa hapo juu ya ukuta gizani unangojea nikutaje, na mimi nikaondoka na jina langu kwenda kushona mashati.

Tangu hapo ninalijua la kufanya na sitaki kulifanya. Nikikutaja kwenye sala ile, utapumzika. Ukipumzika, hakuna mtu duniani atakayenitaja mimi. Nasema wazi, ili usije ukafikiri ni uvivu. Baba na mama wamekwenda zamani, mume sina, mtoto sina. Nilikuwa na mtu mmoja aliyelipeleka jina langu kwa Mungu kila mchana na sasa naambiwa nimwachie aende zake. Nina hasira. Nina hasira hata na wewe, kwa sheria yako ile ya kutojitaja, maana hukufikiria siku tutakapobaki nusu moja.

Ngoja. Bi Mwanaisha amezima redio. Ni adhana hiyo.

Naweka kalamu chini.

Nimerudi. Utavumilia mwandiko.

Nilisema ile ya milima. Bwana atamlinda... na jina likaja, lakini leo halikutoka juu ya ukuta. Limetoka kitandani kwako, mbele yangu, kwa urefu wa mtu aliyeketi. Magoti yangu yalipata baridi. Ubaridi ule ulikuwa kwenye magoti tu. Sikuitika, hata abee sikusema. Nilifumba macho nikasema, kwa sauti, Raha ya milele umpe, ee Bwana, Anastazia.

Nikaishia hapo. Unajua inavyokwenda, mwingine ndiye anayeitikia.

Nikangoja. Nje mtu alikuwa anavuta mkokoteni, mwingine anapiga kelele apishwe. Humu ndani hakuna. Nikangoja tena, na katika kungoja huko kitanda chako kikalia. Shangazi, nimelala mkabala na kitanda kile tangu nikiwa mtoto. Najua kinavyolia mtu akiketi na najua kinavyolia mtu akiinuka. Kilio kile kilikuwa cha kuinuka.

Nilipofumbua macho shuka lilikuwa limenyooka na baridi imeondoka magotini. Nikamalizia mwenyewe: Na mwanga wa milele umwangazie. Nikairudia tangu mwanzo. Halafu nililia, si kulia kwa adabu, nililia mpaka Bi Mwanaisha, alipokwisha kutoa salamu kwenye mkeka wake, akagonga ukuta.

"Skola! Uko?"

"Nipo, Bibi."

"Njoo ule basi."

Sijaenda bado, nilitaka nikumalizie kwanza. Nikafungua tena ile ya milima. Nikaisoma yote, nusu zako na nusu zangu. Nilipofika penye jina langu niliacha nafasi, kwa mara ya mwisho nikitumaini. Sikusikia hata pumzi. Basi nikajitaja. Nilisema Skolastika, mimi mwenyewe, mbele ya Mungu, kama bibi harusi anayejipigia vigelegele. Lilisikika jina dogo, la mtu nisiyemzoea. Nikasema tena, safari hii halikunitisha.

Chumba kimekuwa kitupu, Shangazi. Sikujua kwamba mpaka leo hakikuwa kitupu. Kinaniuma kuliko siku ile uliponifia hospitali, na sitaki uniondolee maumivu haya, usirudi kwa ajili hiyo. Wali unapoa kwa Bi Mwanaisha na kuna mtu anasubiri shati la mwanawe.

Kwaheri, Anastazia. Nimekutaja nje ya Zaburi, nivumilie kwa leo. Naahidi kwamba kila adhuhuri nitaketi hapa nikusomee, na sitaacha nafasi kwa mtu. Nitasema nusu zote mbili.

Skolastika