Pijo Yangu na Landrova Yako

Karurumo,
19 Novemba 2023

Mpendwa shemeji Njue,

Dada yako Gladwell amekufa. Najua binti yangu Purity alikupigia simu huko Juba, akakuambia baba alijaribu. Hiyo ya kujaribu ndiyo imefanya niandike.

Ningekuuliza hali kwanza. Natumaini uko mzima na kazi ya lori inaenda. Sisi tuko tu.

Shemeji, unajua vile napenda hiyo Pijo ya marehemu baba yangu. Kwa lami inakimbia, mafuta inakunywa kidogo, plagi napata hapa Runyenjes. Landrova yako ni nzito, inakunywa kama ng'ombe kwa mto, springi zake zinavunja mgongo. Miaka minne nimesema hivyo pale sokoni, watu wakicheka.

Uliponiachia ukienda Juba, uliniambia niiwashe kila Jumamosi. Sikuiwasha. Mwezi wa tisa betri ya Pijo ilikufa, nikatoa yako nikaweka kwa yangu. Sikuambia mtu. Kuku walianza kutaga kwa kiti chako.

Jumatatu ya wiki juzi, asubuhi, kifua kilimshika Gladwell. Dawa ya kupuliza haikusaidia. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, bodaboda hakuna. Akaniambia, "Runji, twende na ya Njue." Nikamwambia hiyo ni chuma ya kuuza kwa kilo. Anatafuta pumzi na bado akanitupia moja: "Wewe hii Pijo ungeioa."

Sikutaka ajue mambo ya betri. Ni hiyo tu, shemeji.

Tukaenda na Pijo, tukakwama kwa mteremko wa mtoni. Tairi za nyuma zilizunguka zikachimba shimo. Nikamwacha ndani na Purity, nikatoa betri, nikaibeba kwa bega mpaka nyumbani. Nikafukuza kuku. Landrova ilishika mara ya pili. Ilipita kwa yale matope kama hakuna kitu.

Nilipofika, Purity alikuwa amemfunika uso na leso.

Ijumaa tulibeba sanduku na hiyo Landrova, gari ingine haingefika. Mzee Riungu wa kanisa akasimama mbele ya watu wote akasema, "Angalieni Runji. Hivi ndivyo mtu anatunza mali ya muthoni wake, ya shemeji!" Wakapiga makofi. Mama yenu pia. Mimi nikaangalia viatu.

Purity aliona betri. Ananiwekea chakula, anatoka.

Leo baada ya kanisa nilienda Manyatta kumwambia mama yenu. Akanipikia chai, akanipa kwa kikombe cha marehemu baba yenu, ile ambayo hakuna mtu hugusa. Akasema, "Kunywa, mwanangu. Ulimbeba mpaka mwisho." Nikakunywa. Nikarudi nyumbani sijasema.

Nimeshindwa. Mwambie wewe. Akisema nisikanyage kwake tena, sitakanyaga. Gari yako nimeosha, kila kitu yake iko ndani. Tuma mtu aichukue, kwangu isikae.

Salimia mke wako Kiende na mtoto Murungi. Gachoki wa jirani anakusalimia, na Purity. Mungu akulinde kwa hizo barabara, akurudishe mzima kwa mama yako.

Kesho narudi machimboni kukata mawe.

Mimi mume wa dada yako, ninayekupenda hata ukikataa,
Runji